Blanketi Lililonishtaki

Ugonjwa wa mafundi cherehani huingia Februari. Desemba umeshona magauni ya Krismasi mpaka majogoo. Januari umeshona sare za shule: sketi za bluu za marinda, mashati meupe, kaptura za bluu, kisha sketi za bluu tena. Mzazi anakuja Jumapili jioni, shule zinafunguliwa kesho yake, na mtoto mwenyewe hakuja naye. "Fundi, kadiria tu. Analingana na yule pale." Yule pale ni mtoto wa jirani anayejipitia na ndoo yake ya maji. Nimempima sana mtoto huyo kwa niaba ya watoto wa watu, mpaka mama yake akaja kuniuliza kama kuna posho.

Basi Februari ikifika, wazazi wamemaliza hela kwenye madaftari, cherehani inanyamaza, na hamu ya kushona inaondoka bila kuaga. Mume wangu huiita hali hiyo uvivu. Mvivu hukimbia kazi. Mimi nilifungua ofisi kila asubuhi hapa Majengo, nikaipangusa cherehani vumbi, nikaitia mafuta, nikatunga uzi, halafu nikakaa mlangoni kuangalia malori.

Na malori Tunduma hayaishi. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inaingilia Zambia hapa. Reli ya TAZARA nayo inavukia hapahapa katika safari yake ya kilomita 1,860 kwenda Kapiri Mposhi. Tangu Oktoba 2019, marais wa nchi mbili walipozindua kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri anamalizana na maofisa wa pande zote mbili sehemu moja. Hata hivyo kuna siku foleni huamua kulala, ikajinyoosha kuelekea Chapwa na Mpemba, na madereva wakapata saa nyingi za kuzurura mitaani wakitafuta chai, soga na mtu wa kuwabania suruali. Upande wa pili ni Nakonde. Wanawake wanakwenda na kurudi na vitenge viunoni, kwacha wamezifunga pindo moja na shilingi pindo jingine. Wanyamwanga wako huku na wako kule, wanazikana na kuozana, na mpaka wenyewe wanauchukulia kama jirani mgumu ambaye lazima umsalimie ukipita. Ungedhani fundi anayeishi kwenye mapito ya namna hii anaokota mishono mipya mlangoni. Mimi nilikuwa naokota vumbi.

Ukimwambia mtu siku hizi kwamba huna wazo jipya, jibu lake ni moja: ingia Instagram. Nikaingia. Nikakuta mishono ya Kinigeria, mikono ya puto, magauni ya mkia wa samaki, kola ndefu zinazomziba mtu masikio. Ubaya wa picha ni kwamba haina mgongo. Dada wa kwenye picha amesimama anatabasamu, na zipu iko upande ambao mpiga picha hakwenda. Huko nyuma pengine kuna pini za kutosha kufungulia duka, zote zimeshikilia kiuno. Mteja haoni pini. Anakuletea yadi tatu za kitenge, na picha ya gauni lililokula yadi sita juu ya mwili wa mtu mwingine, na anataka Ijumaa.

Nikajitia moyo. Mama mmoja wa Kaloleni alikuwa na kicheni pati, akataka mikono ya puto vilevile ilivyo kwenye simu. Nikaitia gamu ili isimame, ikasimama. Ilisimama kiasi kwamba bajaji ilipokuja kumchukua, mwili uliingia, mikono ikabaki nje. Akajaribu kinyumenyume. Dereva akashauri aingie kwa zamu, mkono mmoja kwanza, ushauri ambao ulikuwa mzuri mpaka ukafika mkono wa pili. Mwishowe alikwenda kwa miguu, tena katikati ya barabara, na pikipiki zikampisha. Baadaye aliniambia kwamba sherehe nzima hakuna aliyeweza kukaa karibu naye, na hivyo alikula kwa nafasi. Alilipa hela yote bila neno. Lakini mishono ya simu ilinitoka moyoni siku ileile.

Nikapanda gari kwenda Vwawa kumsalimu mzee aliyenifundisha kazi. Alianza kushona enzi ambazo kote huku kulikuwa Mkoa wa Mbeya. Songwe tumekuwa mkoa mwaka 2016, lakini yeye akiandika risiti bado anaandika Mbeya kwa mazoea, na hakuna mteja anayethubutu kumsahihisha. Nilimkuta anatia kiraka suruali ya mkulima wa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi wangu. Mbona umekonda?"

Nikamweleza yote, yeye mguu hautoki kwenye cherehani.

"Vipande vyako unavitupa wapi?"

"Sivitupi, mzee. Viko kwenye viroba chini ya meza."

"Basi shona hivyo."

"Nani atanunua?"

"Una haraka gani ya kuuza? Shona kitu ambacho hakuna mtu atakuja kukuuliza kimefikia wapi."

Akarudi kwenye kiraka chake. Kwa fundi cherehani, kitu kisichoulizwa kimefikia wapi ndiyo likizo yenyewe. Nilirudi Tunduma siku hiyohiyo.

Hapa lazima nieleze habari za viroba, maana ndivyo vilivyoniletea kesi. Kitenge kikikatwa hakiishi chote. Shingoni unatoka mduara, makwapani zinatoka pembe, pindoni unatoka ukanda mrefu usio na kazi. Sheria ya kimyakimya ya ufundi ni kwamba kipande kinachoweza kutoa kitu kinarudi kwa mwenyewe, na kisichoweza kinabaki kwa fundi. Sheria nzuri, isipokuwa haisemi nani anaamua. Mteja anaamini kwamba pembe ya kwapa inatosha kilemba, kipochi cha simu na gauni la mtoto. Fundi anajua kwamba inatosha kushikia sufuria. Kwa hiyo mafundi wa nchi nzima wamekubaliana, bila kikao, kusema kwamba hakikubaki kitu. Na mimi nilikuwa nasema hivyo, kwa sauti ya upole, huku viroba vikinenepa chini ya meza.

Ndani ya viroba mlikuwa na historia ya mji. Mlikuwa na vitenge vya sare za harusi ambazo ndoa zake nyingine zimeshavunjika. Mlikuwa na khanga za misiba, mabaki ya makoti ya kwaya, bitana ya suti ya mgombea udiwani aliyeshindwa na ambaye suti hakuja kuichukua. Mlikuwa na barakoa za kitambaa za 2020. Mei ya mwaka huo Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache kwa sababu ya korona, mji ukawa kimya mpaka unasikia kuku, na mimi nikashona barakoa nyingi kuliko nyuso za Tunduma. Nilizifumua zote. Barakoa ikifumuliwa inatoa kipande kizuri cha mstatili kilichokwisha kukunjwa, karibu iwe imeumbwa kwa ajili ya blanketi.

Swali likawa naanzia wapi. Kwenye simu ileile niliyokuwa nimeigombeza nikakuta kitu kilichonikalisha kitako. Kuna watu wanaitwa Wasidi, wanaishi Karnataka, India, na mababu zao walitoka Afrika Mashariki na majirani zake, wengi wakivushwa bahari kwa utumwa. Wanawake wao hushona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi, kwa mkono, kutoka nguo zilizochakaa. Hawaanzii katikati. Wanaanzia ukingoni, wanazunguka pande zote nne, wanaingia ndani kidogo kidogo mpaka wanakutana na katikati. Kila pembe wanaitia kiua cha kitambaa kilichokunjwa, maana bila viua hivyo blanketi huhesabiwa liko uchi. Nilipenda mno. Nikasema kama shangazi zetu waliopotelea ng'ambo ya bahari wanaanzia ukingoni, mimi ni nani nianzie katikati.

Tofauti ni kwamba wao wana mkono na subira, mimi nina Butterfly ya mguu na haraka. Cherehani ina tabia yake. Meno ya chini yanavuta kitambaa cha chini kwenda mbele, na cha juu kinabaki nyuma kinajikusanya. Kwenye gauni la kitambaa kimoja huoni. Nilikuwa nimeweka shuka chini, blanketi la mtumba katikati, vipande juu, na nikaanza kuzunguka. Sindano namba 14 ilikatika kwenye mzunguko wa kwanza, pale mishono mitatu ilipokutana. Namba 16 ikakatika palepale kwa heshima ya mwenzake. Namba 18 ikavumilia. Lakini kila nilipozunguka, ziada ya kitambaa ilikuwa inasukumwa kuelekea ndani, na ndani hakuna pa kutokea. Nilipofika katikati pakawa pametuna kama kitumbua.

Fundi mwingine angefumua. Mimi niliangalia uvimbe ule, nikakumbuka kwamba mkoa wetu una kitu kimoja kilichotuna ambacho tunajivunia. Kimondo cha Mbozi kiko Ndolezi, bonge la chuma lenye tani nyingi na urefu wa mita kama 3. Wageni walikiandika vitabuni mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wanakijua tangu zamani na hawakuona haja ya kumtangazia mtu. Nikachukua kitambaa cheusi cha suruali, nikakata umbo lake, nikakishonea juu ya uvimbe, nikakizungushia vipande vya njano na vyekundu viwe moto wa kushuka kutoka mbinguni. Nikamwita mwanangu wa darasa la nne.

"Hiki ni nini?"

"Kiazi."

Nikamwita mume wangu. Yeye alisema ni mtu amelala kajifunika shuka. Jirani alisema parachichi. Mpaka leo hakuna aliyewahi kusema kimondo bila kusaidiwa, hata afisa mmoja aliyenisimulia jinsi alivyopiga picha amekaa juu yake.

Sikujali, kwa sababu kulikuwa kumetokea jambo ambalo sikulitangaza ili lisikimbie. Usiku ule umeme ulikatika, nikawasha tochi ya simu, nikaiegemeza kwenye kopo la vifungo, nikaendelea kukanyaga. Cherehani ya mguu haidai umeme. Nilishtuka adhana ya alfajiri inasomwa, na kichwani nilikuwa na mablanketi mengine yanangoja zamu. Hamu ilikuwa imerudi yenyewe, imekaa palepale ilipokaa zamani.

Kisha nikalifua.

Kila mwanamke wa Tunduma anajua kwamba kitenge kipya hufuliwa peke yake, kwa chumvi, mpaka kiache kutema rangi. Lakini blanketi langu halikuwa kitenge kimoja, lilikuwa mkutano wa hadhara. Kipande kimoja chekundu cha bei poa kilifungua mdomo kwenye beseni na hakikuufunga. Barakoa zilizokuwa nyeupe zikatoka za waridi. Moto wa kimondo ukasambaa mpaka kwenye koti la kwaya. Nikalisuuza mpaka mikono ikafa ganzi, maana Juni hapa Tunduma maji ya bomba huwa na baridi ya kuadhibu, nikalianika kwenye kamba mbele ya ofisi, upande wa barabara, ambako upepo ni mwingi. Upepo ulilikunjua lote. Lilipendeza. Lilionekana kutoka mbali sana.

Wa kwanza kuliona alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, mteja wangu wa miaka mingi, mwenye kupenda wax ya Uholanzi, ile ya Vlisco, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1846. Kitambaa chenyewe kina bei ambayo akikivaa hakai mpaka kiti kipanguswe.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Asante. Hili blanketi ni la nani?"

"La kwangu, mama."

"Na kitenge hiki hapa ni cha nani?"

Nikakaa kimya kidogo, kwa adabu.

"Ulisema hakikubaki hata cha kufutia miwani."

"Kilichobaki ndicho hicho, mama. Miwani unayo?"

Hakucheka. Alitoa simu, akapiga picha, na kufikia mchana kundi la WhatsApp la akina mama wa vikoba lilikuwa na habari kamili. Wakaanza kuja. Walikuja wawili wawili, wakasema wamepita tu kunisalimia, na salamu zenyewe walizitolea kwa blanketi. Wakalizunguka, wakalipekua, wakaligeuza upande wa pili nako wakatafuta. "Hiki cha kwangu, cha Pasaka." "Hiki cha ubatizo wa mjukuu." "Mama weee, hii si ile sare ya harusi ambayo fundi alituambia kitambaa kimepungua tukaongeza hela?" Nilijibu kwamba kitambaa kilipungua kweli upande wa urefu, na kwamba kipande hicho kilitokea upande wa upana. Maelezo hayo ni sahihi kabisa kiufundi. Hayakusaidia.

Hatari kubwa ilikuwa kwenye kona ya chini. Dada mmoja alikutana na kipande cha shati la mume wake, akalikubali, halafu jicho likashukia kipande cha pembeni yake, ua lilelile, rangi ileile, lakini kina mkunjo wa kifuani.

"Fundi, hili ni shati la mume wangu."

"Ndiyo, dada."

"Na hili ni gauni."

"Ndiyo."

"La nani?"

Watu wote wakaacha kupekua. Hata fundi baiskeli wa jirani alizima redio. Mafundi cherehani tunajua siri za mji huu kuliko wachungaji na mashehe, kwa sababu mtu anaweza kumdanganya mchungaji lakini hawezi kuidanganya futi. Nilijibu haraka kwamba gauni lilikuwa la wifi yake, dada wa mume, wa Ileje, la kuvaa kwenye mahafali. Na Mungu ni mwema, ilikuwa kweli. Akampigia wifi yake palepale, akaweka sauti ya nje, wifi akathibitisha, na mkutano ukapumua. Baadhi walipumua kwa masikitiko.

Katikati ya kelele zile kulikuwa na binti mmoja amesimama kimya. Alikuwa ameshika kipande cha kijani chenye ndege. Nilikijua. Kilikuwa cha gauni nililomshonea mama yake kwa ajili ya kwenda kupokea mahari ya binti huyohuyo, na mama alifariki mwaka uliofuata. Hakudai kitu. Aliuliza kama naweza kumshonea blanketi la namna hii kutoka nguo za mama yake. Anazo kwenye sanduku, kuzivaa hawezi na kuzigawa hawezi. Alizileta kesho yake zimekunjwa vizuri, zina harufu ya sabuni ya kipande. Kazi ile niliishona kwa mkono kama Wasidi, kutoka ukingoni hadi katikati, na pembe zote nne nilizitia viua. Bei aliitaja yeye. Sijawahi kushona kitu nikiwa na hamu kiasi kile, na ukiniuliza mawazo mapya ya ushonaji yanatoka wapi, nitakuelekeza kwenye masanduku ya watu kabla ya simu.

Furaha hiyo ilinidanganya nikalitandika blanketi la kimondo kitandani kwetu, na wiki hiyo mama mkwe akaja kutoka Ileje.

Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima na maneno machache. Aliingia chumbani kuweka mzigo, akatoka, akakaa, akakataa chai. Kisha akamwita mwanawe nje. Nilisikia dirishani.

"Mwanangu, mmefikia huko?"

"Wapi, mama?"

"Kujifunika viraka. Kwa nini hukusema? Tungeuza hata mbuzi."

Nikatoka kujieleza. Nikamwambia kuwa Marekani, jimbo la Alabama, kuna kijiji kiitwacho Gee's Bend, wanawake Weusi wa huko, vizazi vya watumwa, walishona mablanketi kwa nguo za shambani zilizochakaa ili wasife baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yakatundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, kisha New York, watu wakalipa kuyaangalia. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikayatia kwenye stempu.

Mama alifikiri. "Waliyatundika ukutani?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na wao waliona aibu kujifunika."

Nikabadilisha njia. Nikamwambia hata khanga aliyojifunga ina asili ya viraka. Karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mraba zilizokuwa zikiuzwa kwa jora, wakakata sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja ya kujitanda. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima. Mama aliitazama khanga yake, akaigeuza pindo moja baada ya jingine akitafuta mahali ilipoungwa, hakupapata. Akaniangalia kwa huruma ambayo mpaka leo sijaipatia dawa.

Siku chache baadaye basi la Ileje lilishusha mzigo kwa jina la mume wangu. Lilikuwa blanketi jipya, zito, lenye picha ya chui, bado liko kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu. Ukoo ulikuwa umechanga. Baba mdogo akapiga simu kuuliza kwa upole kama kazini wamempunguza. Tunalala chini ya chui sasa, na kusema kweli chui ana joto kuliko kimondo.

Mteja wa mwisho wa kusimulia ni dereva wa lori. Yeye foleni ilimshusha mbele ya ofisi yangu, akaliona blanketi, akalipenda bila maswali. Anakwenda Lubumbashi kila mara. Akataka la kutandika kitandani ndani ya kebini, na kila nchi anayopita iwemo: khanga ya Kariakoo, kitenge cha Kapiri Mposhi, kikwembe cha Lubumbashi. Vitambaa atavileta mwenyewe. Hilo ndilo wazo bora nililowahi kupewa na mtu anayetafuna muwa.

Nikamuuliza vipimo vya kitanda. Akasema, "Kadiria tu, fundi." Baada ya Januari ile, neno kadiria sitaki kulisikia. Nikachukua futi na chaki, nikapanda kwenye lori mwenyewe, nikaingia nyuma ya viti, nikapiga magoti, nikaanza kupima. Foleni ilikuwa haijasogea tangu alfajiri. Ilisogea wakati huo. Nyuma wakapiga honi, dereva akasema, "Shikilia, fundi, nikipoteza nafasi hii nalala hapa mpaka kesho," na tukaondoka. Nilipita mbele ya ofisi yangu mwenyewe, nimechungulia dirishani, na mteja mmoja aliyekuwa ananisubiri akanipungia mkono akidhani nimehama. Sikupata pa kushuka mpaka karibu kabisa na geti la forodha. Nilishuka nina futi shingoni, chaki mkononi na pini mdomoni. Ofisa kijana akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, una kitu cha kutangaza?"

Nikatoa pini mdomoni, nikamwambia nina urefu wa kitanda, upana bado.

Blanketi la dereva liko mezani sasa, khanga imeshakaa ukingoni, kikwembe tunakisubiri kirudi na lori. Binti mwingine ameleta sanduku la bibi yake. Mama wa Vlisco naye amerudi, hasemi mengi, ameleta mfuko wa vipande alivyokuwa ameficha nyumbani tangu kwa fundi aliyenitangulia, anataka foronya.

Kwa hiyo nina tangazo. Ukileta kitambaa kwa fundi, sema hapohapo kama vipande vyako unavitaka, usisubiri kuvikuta vimeanikwa barabarani. Na wewe uliyeacha gauni la njano msimu wa kahawa wa mwaka juzi, ukasema unafika sokoni mara moja unarudi: gauni lipo, ni zima, nimelipiga pasi. Ila blanketi ninaloshona sasa limeishiwa rangi ya njano. Njoo kabla ya Jumamosi.